Mashine ya Mzee Jabari na Wageni Wake

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa stoo kuleta katoni moja iliyoandikwa namba kwa wino mwekundu. Haikuzidi ukubwa wa katoni ya gambuti, kwa hiyo niliiendea kwa dharau. Nusura initegue kiuno. Ndani mlikuwa na chuma kitupu: mwili mnene wenye tundu kubwa katikati, na mpini mrefu ubavuni. Nilidhani ni mashine ya kusaga nyama, nikasema hivyo kwa sauti. Msimamizi wa kaunta alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Duka lilikuwa Rockville, huko Amerika, kando ya ile barabara kubwa ya maduka, kati ya muuza mazulia na daktari wa meno. Ilikuwa miaka ya tisini inaishia ishia, na mimi nilikuwa nimetoka Kitale si muda mrefu. Hatukuuza bunduki hata moja. Tuliuza vifaa vya watu wanaojitengenezea risasi nyumbani kwa ajili ya michezo ya shabaha, jambo ambalo huko ni halali na la kawaida kama sisi kufuga kuku. Ninyi vijana mnaosoma haya mkishtuka sitawalaumu, kwa maana hata kwetu ilikuwa kesi. Dada yangu Rose, aliyekuwa akitunza wazee majumbani, alikaa kitandani akaniangalia kama mtu aliyepata habari za msiba.

"Salome, kweli? Umeshinda green card, ume-leave Kitale, umekuja Amerika ku-sell risasi?"

"Siuzi risasi," nikamwambia. "Nauza mashine."

"Hiyo ni kama kusema huuzi chang'aa, unauza pipa."

Kazi ya Rose nilikuwa nimeijaribu ikanishinda, na kodi ya nyumba haiulizi umefanya kazi gani. Nikabaki na mapipa yangu.

Miezi ya mwanzo nilikaa stoo, na huko ndiko nilikojifunza. Msimamizi alikuwa Mzungu mzee wa West Virginia, zamani fundi wa silaha jeshini, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Alinifundisha kwamba risasi nzima ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna kiwashio, kile kidude kidogo cha chini kinachogongwa na pini kikatoa cheche. Kuna baruti, na kuna kichwa chenyewe kinachoruka. Ukishapiga, ganda linabaki, na ganda zuri laweza kutumika tena mara nyingi. Basi kazi ya mashine ni kulibana lirudie umbo lake, kulitia kiwashio kipya, kulitilia baruti kwa kipimo, kisha kulikandamizia kichwa mdomoni. Kila hatua ina kalibu yake, yaani kile chuma cha mviringo kinachofungwa juu ya mashine na kulipa ganda umbo linalotakiwa.

Sasa, kuchagua mashine ndiko kulikoleta ubishi pale kaunta. Kwa ufupi zilikuwa za aina mbili. Ya hatua moja ni ile iliyotaka kunitegua kiuno: unavuta mpini, kazi moja inafanyika kwa ganda moja. Ukimaliza maganda yote unabadilisha kalibu, unaanza upya hatua ya pili. Ni polepole mno, lakini maganda yenye baruti yanakaa wazi kwenye kibao chenye matundu, na unayamulika kwa tochi yote kwa pamoja kabla ya kuyafunga. Aina ya pili ni ya mfululizo. Hiyo ina sahani ya duara iliyobeba maganda kadhaa, kila moja likiwa kwenye hatua yake, na kila ukivuta mpini na kuizungusha sahani, risasi moja iliyokamilika inadondoka kikapuni. Inapendeza kuitazama. Meneja wa duka, kijana wa tai aliyekuja kila Jumatatu, aliipenda zaidi kwa sababu ilikuwa ya bei.

"Salome, ya mfululizo iwe mbele kila wakati," alikuwa akiniambia. "Zile nyingine ziwe chini ya kaunta."

Msimamizi alingoja mpaka Meneja aondoke, kisha akanipa somo lake. "Usimuulize mteja anataka risasi ngapi. Kila mtu anataka nyingi. Muulize nani huingia chumbani mwake anapofanya kazi."

"Hayo si mambo ya watu?"

"Ndiyo. Na ndiyo yanayolipua mikono ya watu. Mashine ya mfululizo haitaki mtu wa kuita jina lako katikati ya mpini."

Nilipopandishwa kaunta nililiuliza swali hilo kwa kila mteja, na nyie, wanaume wenye wake walinitazama kana kwamba nimewatusi. Lakini walijibu. Mmoja alikuwa na watoto mapacha, nikamtolea ya hatua moja bila hata kumsikiliza zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa nikibishana na Rose kwenye simu, kwa Kiswahili cha kwetu cha haraka, nikasikia mtu akikohoa. Nilipogeuka nikamwona Mmarekani Mweusi, mrefu, mvi zimemjaa, amevua kofia ameishika kifuani.

"Hujambo, dada? Habari za asubuhi? Habari za nyumbani? Habari za kazi? Watoto hawajambo?"

Nikabaki na simu mkononi. "Fine," nikasema. Akanitazama kwa huruma, akaweka kofia kwenye kaunta, akanipa mkono, akaanza tena tangu "hujambo". Safari hiyo nilijibu zote.

Huyo ndiye Mzee Jabari. Jina alijichagulia mwenyewe ujanani, alipojiunga na darasa la jioni la Kiswahili, na hakuliacha. Kazi yake ilikuwa posta mpaka akastaafu. Mwalimu wake alimwambia jambo moja lililomkaa kichwani maisha yote: salamu haitolewi huku mikono ina kazi nyingine. Unatua ulichoshika, unasimama, unamwendea mtu, unampa mkono, unamuuliza habari zake mpaka ziishe. Mimi mzaliwa wa Kitale nilikuwa nikisalimia watu huku naosha sufuria, sikuwahi kuona kosa. Yeye aliishika ile sheria kama amri ya kanisa.

Alikuwa akitafuta mashine mpya, ya zamani imechakaa. Alikuwa mpiga shabaha wa bastola katika klabu moja nje ya Fairfax, ng'ambo ya mto upande wa Virginia, yeye na binti yake wa pekee, Nia, aliyefanya kazi ya ofisi huko Fairfax. Tangu mkewe afariki, Jumamosi klabuni ndiyo siku pekee baba na binti waliyokutana. Risasi za wote wawili alizitengeneza yeye. Kwa namna alivyolisema hilo, nilielewa kwamba ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia mwanawe.

Nikamuuliza swali la Msimamizi. "Mzee, nani huingia chumbani mwako ukifanya kazi?"

Akaigeuza kofia yake. "Hakuna, dada. Tangu mke wangu atutoke, hata simu hailii."

Msimamizi alisikia nilipomtafsiria, akatikisa kichwa taratibu. "Basi ya mfululizo inamfaa. Hana wa kumkatiza." Tukamuuzia. Ilikuwa mashine nzuri, na kwa maisha yake ya siku ile tulimchagulia sawasawa.

Lile jibu lake ndilo lililonikera. Hata simu hailii! Mtu anajua kuuliza habari za nyumbani kwa ufasaha namna ile na hana wa kumuuliza. Jumapili nilimburuta Rose mpaka Adelphi, kwenye nyumba yake ndogo ya matofali nyuma ya University Boulevard, tukampeleka kwenye ushirika wetu wa Wakenya kanisani. Basi, yaani siku hiyo! Alisimama akasalimia kila mtu, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kwa Kiswahili cha kitabu, akina mama wakapiga vigelegele. Vijana walimwambia "niaje, Mzee" na yeye akawauliza maana yake, kisha akaliongeza kwenye salamu zake. Kuanzia hapo mlango wake haukutulia. Huyu anataka kufundishwa kuendesha gari, yule ameleta ugali na sukuma, mwingine amekuja tu kukaa. Wa kila siku alikuwa Papa Mulamba, Mkongomani wa Bukavu aliyefagia ofisi za watu na kukaa kwenye maghorofa ya jirani. Kiingereza chake kilikuwa maneno ya kuhesabika. Alikuwa amekaa kimya tangu afike nchi ile, na kwa Mzee Jabari alifunguka kama bomba.

Mimi nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimefanya jambo la maana kuliko kuuza vyuma.

Jumamosi moja nilikuwa na mapumziko, nikapeleka mandazi kwa Mzee. Nilimkuta Papa Mulamba mezani na chai yake. Nia alikuwa amepitia jana usiku kuchukua kisanduku cha risasi, na asubuhi ile ametangulia klabuni. Mzee angemfuata baada ya chai, maana asingeweza kuwaacha wageni.

Papa Mulamba alikuwa akimsifu. "Papa Jabari iko na heshima sana. Jana magaribi nilikuya, alikuwa anatumika na ile mashini yake kule chini. Alisikia sauti yangu, akaacha mukono wa mashini katikati, akakuya kunisalimia. Watu ya hapa habafanye vile!"

Nilirudisha andazi kwenye bakuli.

"Mzee," nikasema, "uliacha mpini katikati?"

"Mgeni alikuwa mlangoni, dada."

"Na uliporudi, sahani ulikuwa umeshaizungusha?"

Lazima nieleze hapa. Kwenye mashine ile sahani haikujizungusha yenyewe. Ulizungusha kwa kidole baada ya kila mvuto. Ukisahau kuizungusha na kuvuta mpini tena, ganda lile lile linamiminiwa baruti mara ya pili. Na ganda la bastola ya shabaha halijazwi hata nusu, kwa hiyo kipimo maradufu kinaingia chote bila kumwagika, kisha kichwa kinakandamizwa juu yake, na kwa nje risasi hiyo haitofautiani na dada zake. Ukiipiga, bastola inapasuka mkononi mwako, mbele ya uso wako.

Mzee Jabari alifumba macho akijaribu kukumbuka. Nilimwona akiusogeza mkono hewani, akivuta mpini usiokuwepo, kidole kikitafuta sahani. Kisha mkono ukasimama.

"Sikumbuki," akasema. Akainuka kuielekea simu. "Dada, hizo risasi zote anazo Nia."

Tulipiga simu nyumbani kwa Nia, ikaita bure. Siku zile simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Tukapiga klabuni, laini ikawa na mtu. Tukapiga tena, vile vile. Nikamshika Papa Mulamba mabega. "Wewe baki hapa. Piga namba hii mpaka wapokee. Sema Nia aache kupiga. Umesikia? Aache!"

"Lakini mama, Kingereza yangu..."

"Sema jina lake tu! Nia, Nia!"

Tukaruka garini. Sijui kama mnaijua barabara ile ya mzunguko siku ya Jumamosi. Magari yalijaa kuanzia tulipoingia, na kwenye daraja la kuvukia Virginia tulisimama kabisa, kila mtu akiangalia mto kana kwamba amelipwa. Mzee ndiye aliyeendesha. Mimi nilimtukana kila dereva aliyekuwa mbele yetu, kwa lugha zote ninazozijua, na kati ya tusi na tusi nilimwomba Mungu. Nilikuwa namwona yule binti amenyoosha mikono. Nilikuwa naiona mikono yenyewe.

"Dada," Mzee akasema, "angekuwa mama yake hai, ningemwambia nini?"

Nilimwekea mkono begani tu.

Tulipofika, milio ilikuwa ikisikika tangu kwenye maegesho. Kila mlio ulinipita mwilini. Mzee hakufunga hata mlango wa gari. Tukazunguka ofisi ya klabu mbio, na hapo, kwenye benchi la mbao nje ya mlango, alikuwa amekaa Nia, vikinga masikio shingoni, kisanduku cha risasi kimefungwa kwenye mapaja yake, akila karanga.

Nilikaa pale pale kwenye changarawe, na gauni langu zuri, nikalia kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena. Mzee alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, kisha akaigeuza mikono ya Nia, kiganja na mgongo, kidole kwa kidole, kama mkunga na mtoto.

"Dad, I'm okay," Nia alikuwa akisema. Kiswahili alikisikia chote, baba yake alimlea nacho, lakini nilikuwa sijawahi kumsikia akijibu kwacho. Alitusimulia kwa Kiingereza. Alikuwa ameshapiga duru moja kutoka kisanduku kile, amejaza ya pili, ndipo msimamizi wa uwanja akamfuata na kumwambia kuna mtu kwenye simu anayesema lugha asiyoijua, ila anarudia jina lake. Akaiacha bastola akaenda.

"Na alikuambia nini?" Mzee akauliza.

"Alinisalimia kwanza," Nia akasema, na akaanza kucheka. "Habari ya mwili, habari ya kazi, habari ya mama. Nikamwambia mama alishafariki, akanipa pole ndefu. Mimi namjibu kwa Kiingereza, sijui hata kama alinielewa. Halafu ndipo akasema, mama Salome anasema uache kupiga."

Mzee Jabari alicheka mpaka akalazimika kukaa benchini. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na Nia akampa karanga zilizobaki.

Tulikipeleka kisanduku Rockville siku ile ile. Msimamizi hakuuliza maswali. Alitoa nyundo ya kung'olea, ambayo ni nyundo ya plastiki yenye uwazi kichwani: unabana risasi humo, unagonga kwenye gogo, na mshtuko unakitoa kichwa kwenye ganda bila kugusa kiwashio. Baruti inamiminwa kwenye mizani. Aligonga moja baada ya nyingine, sote wanne tumeinamia mizani. Kila mara sindano ilisimama palepale. Wateja walikuja wakaondoka, hatukuwaangalia. Nilianza kujiambia labda tumekimbia bure, na nikaona hata hiyo ni sawa, nitacheka maisha yangu yote. Kisha akamimina ganda moja, na sindano ikapanda ikapita alama yake, ikaendelea kupanda.

Nia aliutafuta mkono wa baba yake akaushika.

Meneja alikuwepo siku hiyo, ingawa haikuwa Jumatatu yake, na kwa haki yake, alitaka kusaidia. Alisema ipo mashine ya mfululizo inayozungusha sahani yenyewe, na kifaa cha kulia kengele baruti ikizidi. Atamfanyia Mzee hesabu nzuri. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea kaunta, akamuuliza Mzee lile swali lake, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuonana.

"Nani huingia chumbani mwako?"

"Adelphi nzima," Mzee Jabari akajibu.

"Basi weka kufuli mlangoni wakati wa kazi," akasema Meneja. "Ni saa chache tu."

Mzee alinigeukia mimi, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili ili nimtafsirie. "Mwambie bwana huyu, mashine nitairudisha. Wageni siwarudishi."

Nilitafsiri neno kwa neno. Msimamizi akainama chini ya kaunta, akaitoa ya hatua moja.

Kuanzia hapo Mzee alitengeneza risasi chache kuliko zamani, na chumba chake cha chini kikawa baraza. Angeweza kuacha kazi mahali popote, akasalimia hata nusu saa, akarudi akakuta maganda yake wazi kwenye kibao yanamngoja. Kabla ya kuyafunga, Papa Mulamba ndiye aliyemulika tochi. Alikuwa mkali huyo! Alichungulia tundu kwa tundu, akisema "iko muzuri, iko muzuri," na hakuruhusu hata mchungaji kuongea mpaka amalize.

Mimi baadaye nilihamishiwa tawi la Fairfax, na Msimamizi alipostaafu kurudi kwao West Virginia, nikapewa cheo chake. Vijana niliowafundisha walidhani swali langu ni umbea wa Kiafrika. Niliwaacha wadhani. Watu hufikiri kuuza chombo ni kujua chombo. Nusu ya kazi ni kujua maisha ya anayekinunua, na maisha hayo hubadilika akishatoka dukani, kwa hiyo mteja mzuri ni yule unayemtembelea. Rose hakuacha kuniita muuza mapipa. Mzee Jabari alifariki akiwa kitandani kwake, uzeeni kabisa, na siku ya kumuaga watu hawakuenea ndani. Wengine walisimama uani mpaka mtaani.

Siku yangu ya mwisho kazini walikuwa wameniwekea keki kwenye kaunta. Nilikuwa naikata alipoingia mwanamke mwenye mvi kidogo. Akaweka mkoba wake chini. Akavua miwani ya jua. Akaja mpaka niliposimama, akanipa mkono.

"Shikamoo, Mama Salome," akasema Nia. "Habari za asubuhi? Habari za nyumbani? Habari za kazi?"

Nilitua kisu. Nikajibu zote, moja moja.

Akasema anataka mashine. Ile ya baba yake haikubaki nyumbani. Mzee aliigawa kwa Papa Mulamba kabla hajafa, na Papa Mulamba hataki kuitoa. Nikamuuliza ninachowauliza wote. "Nani huingia chumbani mwako?"

"Watu wengi, Mama," akasema kwa Kiswahili. "Baba aliniachia nyumba, na wageni wake wote."

Nikainama chini ya kaunta kuitoa ya hatua moja. Bado ilikuwa nzito vile vile, na safari hii tuliibeba wawili.